Faili la SQLite Linalonenepa, Nyuzi Zinazogombana: Mwongozo Kamili Kutoka Kituo cha Maziwa Njoro

Simu iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi. "Fundi, hii kompyuta yako imegoma," karani akaniambia, na nyuma yake nikasikia mikebe ikigongana. Kituo chao cha kukusanyia maziwa kiko upande wa Njoro, na mimi ndiye niliyewawekea programu ya kupima, kuandika na kumtumia mkulima ujumbe wa kilo zake. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mizani inaonyesha kilo, kompyuta haiandiki. Kwenye skrini kulikuwa na maneno haya tu: database is locked, yaani hifadhidata imefungwa kwa kufuli. Hadi nipate matatu kutoka Nakuru mjini na kufika, walikuwa wamerudia daftari na kalamu, na maziwa ya watu wa mwisho yalikuwa yameanza kupigwa na jua.

Nilipoketi mbele ya mashine nikakuta na kadi ya memori imejaa. Faili la hifadhidata lilikuwa gigabaiti 3 na ushee, na kando yake faili jingine lenye mkia wa -wal lilikuwa linakaribia gigabaiti nzima. Nikajiambia nina kesi mbili: unene wa faili, na nyuzi (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) zinazogombania kufuli. Kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa kesi moja. Mahali fulani ndani ya programu yangu, uzi mmoja ulifungua muamala (transaction, kundi la kazi za hifadhidata linalokamilishwa kwa pamoja) ukaenda zake bila kuufunga. Muamala wa kusoma ukiachwa wazi, faili la -wal linanenepa. Ule wa kuandika ukiachwa wazi, wengine wote wanafungiwa nje. Hatua zifuatazo ni zile nilizopitia kutengeneza mambo, ila nimezipanga vizuri kuliko nilivyozipitia siku ile.

Ninayoizungumzia ni SQLite, ile aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya karibu kila simu unayoshika. Haina seva. Hifadhidata nzima ni faili moja, na programu yako yenyewe ndiyo inayolifungua na kuliandika. Mifano yangu ni ya Python, lakini kanuni ni zilezile ukitumia lugha nyingine.

Hatua ya kwanza: pima hewa iliyomo ndani

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimefuta vipimo vyote vya mwaka uliotangulia, nikalala nikijua faili litapungua. Halikupungua hata baiti moja. SQLite hugawa faili katika kurasa, na tangu toleo la 3.12.0 la mwaka 2016 ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096. Ukifuta safu (rows), kurasa zilizobaki tupu huwekwa kwenye orodha ya kungoja kutumiwa tena. Ni kama kutoa mikebe ghalani: nafasi imepatikana, lakini kuta za ghala ziko palepale.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, uliza maswali matatu:

    sqlite3 maziwa.db
    PRAGMA page_size;        -- 4096
    PRAGMA page_count;       -- 781214
    PRAGMA freelist_count;   -- 609870

Zidisha. Kurasa zote mara 4,096 ni kama gigabaiti 3.2. Kurasa tupu mara 4,096 ni kama gigabaiti 2.5. Maana yake data yenyewe ilikuwa gigabaiti 0.7 tu, iliyobaki ni hewa. Ukikuta hewa ni asilimia 10 au 20, liache faili lako kama lilivyo, kurasa hizo zitajazwa na kazi ya mwezi ujao na utakuwa umejisumbua bure. Ukikuta kama mimi, endelea.

Hatua ya pili: tafuta anayekula

Kukamua hewa bila kujua nani aliyejaza ni kufagia huku mlango uko wazi wakati wa kiangazi. Programu ya amri ya sqlite3 mara nyingi huja na jedwali la ndani liitwalo dbstat:

    SELECT name, SUM(pgsize)/1048576 AS mb
    FROM dbstat GROUP BY name ORDER BY mb DESC;

Kama yako haina dbstat, chombo kiitwacho sqlite3_analyzer hutoa habari hizohizo kwa urefu zaidi.

Kwangu mimi, aliyekula alikuwa jedwali la vipimo ghafi pamoja na faharasa yake ya saa (index, orodha ya kutafutia haraka). Mizani ile hutoa namba 10 kila sekunde, na mimi kwa ulafi wa fundi nilikuwa nikizihifadhi zote, eti siku moja zitanifaa. Saa tatu za kupokea maziwa ni safu 108,000 kila asubuhi. Mkulima analipwa kwa kipimo kimoja, kile mizani inapotulia. Nilibadilisha programu ihifadhi hicho kimoja tu, na nikaondoa faharasa ambayo hakuna ripoti iliyoitumia. Faharasa husahaulika, lakini nayo hula kurasa kama jedwali, na kila unapoandika safu lazima nayo iandikwe.

Picha nazo ni vivyo hivyo. Vipicha vidogo vya kilobaiti kumi au ishirini hukaa vizuri ndani ya SQLite. Picha ya kitambulisho yenye megabaiti mbili iweke kwenye folda, na ndani ya jedwali andika njia yake tu.

Unapofuta safu nyingi, futa kidogo kidogo. Nilichofanya usiku ule ni DELETE moja kubwa, na mabadiliko yake yote yaliandikwa kwenye -wal kwa mkupuo. Hivi ni bora:

    DELETE FROM vipimo WHERE rowid IN
      (SELECT rowid FROM vipimo WHERE saa < '2023-01-01' LIMIT 5000);

Irudie mpaka isipate cha kufuta, ukipumzika kidogo kila mara ili wengine nao waandike.

Hatua ya tatu: kamua hewa

Amri ni VACUUM, neno moja, na ina mitego zaidi ya urefu wake. Hujenga hifadhidata upya kwenye faili la muda, kisha hunakili kila kitu kurudi mahali pake. Kwa hiyo inaweza kudai nafasi tupu hadi mara mbili ya ukubwa wa faili. Mwenye kadi iliyojaa, ambaye ndiye anayeihitaji zaidi, ndiye asiyeweza kuitumia. Tena lile faili la muda huenda kwenye folda ya muda ya mfumo, na kwenye baadhi ya kompyuta ndogo folda hiyo imewekwa ndani ya RAM. Utaambiwa disk imejaa hali kadi ina nafasi, ukune kichwa mpaka jioni. Dawa ni kuielekeza kwingine kabla ya kufungua sqlite3, kwa kuweka SQLITE_TMPDIR kwenye folda yenye nafasi.

Mtego mwingine hauna kelele. Kama jedwali lako halina safuwima ya INTEGER PRIMARY KEY uliyoiandika mwenyewe, VACUUM inaweza kubadilisha namba za rowid, zile ambazo SQLite yenyewe huzipa safu. Kama ulikuwa umezichapisha hizo kwenye risiti kama namba ya risiti, umeshaharibikiwa. Kagua majedwali kwanza.

Mimi huepuka VACUUM ya kawaida pale kituoni. Natumia dada yake aliyekuja na toleo la 3.27.0 mwaka 2019:

    VACUUM INTO '/media/flashi/maziwa-mpya.db';

Hii huandika nakala iliyokamuliwa kwenye flashi na kuliacha faili la zamani bila kuguswa. Ikikwama katikati, hujapoteza kitu. Angalia tu kwamba flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Nakala ikikamilika, ikague:

    sqlite3 /media/flashi/maziwa-mpya.db "PRAGMA integrity_check;"

Jibu liwe ok na si zaidi. Kisha zima programu zote kabisa, hakikisha faili la -wal limetoweka lenyewe (muunganisho wa mwisho ukifungwa vizuri hulifuta), hamisha la zamani pembeni, weka jipya. Usiweke faili jipya kando ya -wal ya lile la zamani. SQLite inaweza kudhani ni vya nyumba moja na kuyachanganya, na hapo data imeharibika.

Kuna watakaokwambia uwashe auto_vacuum ujisahau. Ile ya FULL hupunguza faili kila muamala unapokamilika, lakini huzungusha kurasa huku na huku na inaweza kuliacha faili limetawanyika zaidi. Kwa kadi ya memori siipendi. INCREMENTAL inavumilika: weka PRAGMA auto_vacuum=2, fanya VACUUM mara moja ili ishike, halafu baadaye unakamua kwa vipimo kama PRAGMA incremental_vacuum(2000) wakati kituo kimefungwa. Kwa kituo cha maziwa, VACUUM INTO mara mbili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya nne: faili la -wal na msomaji asiyeondoka

Hali ya WAL (write-ahead log, yaani kuandika kwanza kwenye faili la pembeni) ilikuja na toleo la 3.7.0 mwaka 2010, na ndiyo ninayoipendekeza kwa programu yoyote yenye nyuzi kadhaa. Anayeandika haandiki moja kwa moja kwenye hifadhidata. Huongeza kurasa mpya mwishoni mwa -wal, na wasomaji wanaendelea kusoma bila kumngoja. Kila -wal ikifika kurasa 1,000 hivi, SQLite hujaribu kuzirudisha kurasa hizo kwenye faili kuu (ndiyo checkpoint), kisha huanza kuandika tena mwanzoni mwa -wal.

Neno ni hujaribu. Kama kuna msomaji aliyeanza kusoma zamani na hajamaliza, kurasa zilizoandikwa baada yake haziwezi kurudishwa, kwa sababu yeye bado ana haki ya kuiona hifadhidata kama ilivyokuwa alipoanza. Basi -wal inaendelea kurefuka nyuma yake. Kwangu alikuwa ukurasa wa ripoti. Nilikuwa nikichota safu moja moja, nikifika 50 za kujaza skrini naacha, bila kumaliza wala kufunga. Skrini ile hukaa wazi kutwa. Kwa macho ya SQLite, kulikuwa na mtu anasoma tangu alfajiri.

Kumkamata ni rahisi:

    PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);

Zinarudi namba tatu. Ya kwanza ikiwa 0, -wal imesafishwa na kukatwa. Ikiwa 1, kuna mtu amezuia. Zima nyuzi mmoja baada ya mwingine ukirudia amri hiyo, na utakapoona 0 umempata. Tiba yake ni kuchota unachotaka chote kwa LIMIT, kukiweka kwenye orodha, na kufunga papo hapo.

Jua pia kwamba -wal ikisafishwa kwa njia ya kawaida haipungui kwenye kadi, hutumiwa tena tu kwa ukubwa uleule. PRAGMA journal_size_limit huiwekea mpaka. Na usithubutu kuifuta -wal kwa mkono ukidhani ni takataka. Inaweza kuwa na maziwa ya asubuhi nzima ambayo hayajafika kwenye faili kuu.

Hatua ya tano: salama kwa nyuzi si salama kwa miamala

Hapa ndipo nilipoaibika zaidi, na ni kabla ya asubuhi ile ya foleni. Toleo langu la kwanza lilikuwa na uzi wa mizani, uzi wa skrini na uzi wa ujumbe, wote wakishiriki muunganisho mmoja wa hifadhidata. Python ilinikataza kwa kosa linalosema kitu kilichozaliwa katika uzi mmoja kitumiwe humo humo tu. Nikatafuta, nikapata check_same_thread=False, kosa likanyamaza, nikafurahi.

SQLite inaweza kujengwa kwa namna tatu. Moja haina ulinzi wowote wa nyuzi. Nyingine huruhusu nyuzi nyingi mradi hakuna muunganisho mmoja unaotumiwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida, huwapanga foleni wote wanaogusa muunganisho. Kwenye Python 3.11 na kuendelea unaweza kuangalia yako:

    python3 -c "import sqlite3; print(sqlite3.threadsafety)"

Ukipata 3, ni ile ya foleni. Ukipata 1, kushiriki muunganisho bila kufuli lako mwenyewe ni kosa.

Yangu ilikuwa ya foleni, kwa hiyo haikuanguka. Iliharibu kimya kimya. Foleni ile hulinda kumbukumbu ya programu isichafuke. Haijui ni uzi gani ulioanzisha muamala, kwa sababu muamala ni mali ya muunganisho. Basi tazama: uzi wa mizani unaanza muamala na kuandika kilo 34 za mzee mmoja, bado haujapunguza deni lake la chakula cha ng'ombe. Uzi wa ujumbe, kwenye muunganisho uleule, unamaliza kazi yake na kuita COMMIT, amri ya kukamilisha muamala. Nusu ya kazi ya mizani imekwisha kukamilishwa na mtu asiyehusika. Kama ungeita ROLLBACK, amri ya kuutengua, kilo 34 zingepotea.

Lililonifikisha mbele ya mwenyekiti ni dogo kuliko hilo. Baada ya kuingiza safu ya maziwa, nilikuwa nauliza kwa amri ya pili SELECT last_insert_rowid() ili nijue namba ya risiti. Kati ya amri hizo mbili, uzi mwingine uliingiza safu yake. Namba niliyopata ilikuwa yake. Mama aliyeleta kilo 11 na nusu alipata ujumbe wa jirani yake mwenye 34, na jirani hakupata chochote. Mama yule alikuwa mwaminifu, alikuja nao kituoni akionyesha simu: "Mwanangu, hii si yangu." Je, ni wangapi hawakuja?

Sheria ninayofuata tangu hapo: kila uzi na muunganisho wake, unafunguliwa ndani ya uzi huo na kufungwa humo. Ukitumia michakato badala ya nyuzi, usiufungue muunganisho kabla ya fork (mchakato kuzaa mwingine) halafu mtoto akauendeleza. Kila mmoja afungue wake baada ya kuzaliwa.

Hatua ya sita: mwandishi mmoja, na asikawie

Kila uzi ulipopata muunganisho wake, risiti zikatulia. Kisha ndipo ikaja asubuhi ya foleni. SQLite huruhusu wasomaji wengi lakini mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, hata kwenye WAL. Uzi wangu wa ujumbe ulikuwa unaweka alama kwamba ujumbe unatumwa, unangoja mtandao ujibu, kisha ndipo unaita COMMIT. Mtandao ukiwa mzuri ni sekunde moja. Asubuhi ile ulikawia karibu dakika. Python huvumilia sekunde 5 ikiwa hukusema lolote, kisha humrudisha mwenye mizani na lile neno la locked.

Kwa hiyo mtandao, printa, mtu wa kubonyeza "ndiyo", vyote vikae nje ya muamala. Tuma kwanza, ukipata jibu ndipo ufungue muamala, uandike, ufunge. Kisha nikaupa uzi mmoja tu kazi yote ya kuandika, wengine wanauletea kazi kwa foleni:

    import sqlite3, queue
    foleni = queue.Queue()

    def fungua():
        m = sqlite3.connect("maziwa.db", timeout=10,
                            isolation_level=None)
        m.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
        m.execute("PRAGMA synchronous=FULL")
        m.execute("PRAGMA journal_size_limit=67108864")
        return m

    def mwandishi():
        m = fungua()
        while True:
            kazi = foleni.get()
            try:
                m.execute("BEGIN IMMEDIATE")
                kazi(m)
                m.execute("COMMIT")
            except Exception as kosa:
                if m.in_transaction:
                    m.execute("ROLLBACK")
                weka_pembeni(kazi, kosa)

Hiyo weka_pembeni uiandike mwenyewe. Ihifadhi kazi iliyoshindikana ili isipotee. BEGIN IMMEDIATE nayo ina sababu. BEGIN tupu haichukui kufuli la kuandika mpaka uandike. Ukianza kwa kusoma, kisha ukataka kuandika huku mwingine ameshaandika katikati, kwenye WAL utakataliwa palepale, na hata ungeweka subira ya sekunde 60 haitangojwa, kwa kuwa picha uliyoisoma imeshapitwa na wakati. Ukijua utaandika, chukua kufuli mlangoni.

WAL hukaa ndani ya faili ukiiwasha mara moja, lakini subira na synchronous huwekwa upya kwa kila muunganisho. Ndiyo maana viko ndani ya fungua(). Kuhusu synchronous, wengi watakwambia NORMAL inatosha kwenye WAL, na ni kweli kwamba hifadhidata haiharibiki. Lakini stima ikipotea, miamala ya mwisho iliyokwisha kukamilishwa inaweza kurudi nyuma. Pale Njoro stima hupotea bila kuaga, na mkulima ameshapewa risiti mkononi. Nabaki na FULL.

Hatua ya saba: nakala ya akiba bila kuvunja makufuli

Usinakili maziwa.db kwa cp wakati programu inaendelea. Utaiacha -wal nyuma, au utapata nusu ya zamani na nusu ya sasa. Kuna baya zaidi kwenye Linux: programu yako yenyewe ikifungua faili lile kwa open() ya kawaida ili ilinakili, ikilifunga tu, makufuli yote ambayo mchakato huo ulikuwa umeshika juu ya faili hilo yanaachiliwa. SQLite haina habari na inaendelea kudhani imefunga mlango. Tumia VACUUM INTO, au amri ya .backup, au backup() ya Python.

Faili pia lisiwe kwenye folda ya mtandao inayoshirikiwa na kompyuta ya ofisi. WAL hutegemea kumbukumbu ya pamoja ndani ya mashine moja.

Siku hizi, saa kumi na moja alfajiri kabla mizani haijawashwa, programu huandika mstari mmoja: kurasa zote, kurasa tupu, ukubwa wa -wal, na namba ya kwanza ya checkpoint. Karani huunakili kwenye daftari lilelile la kalamu na hunipigia kama namba ya mwisho si 0. Amenipigia mara moja. Nilikuta mhasibu ameacha programu ya kutazamia hifadhidata wazi usiku kucha, orodha ndefu imesomwa nusu, na kikombe cha chai kimeganda juu ya meza.